Santuri kuukuu za Ukambani: Jinsi sauti inavyookolewa, na swali la nani atafaidika

Katika nyumba nyingi za Machakos, kuanzia Kangundo na Matungulu hadi Mwala na Masinga, huenda kuna sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi. Ndani yake mna santuri ndogo nyeusi, zile za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo baba au babu alizinunua alipokuwa akifanya kazi Nairobi au Thika. Kinanda cha kuzichezea kiliharibika zamani na kuuzwa kama chuma kikuukuu. Bahasha zimeliwa na mende, na baadhi ya santuri zimepinda kwa joto la mabati.

Wenye nyumba hawana habari kwamba huenda mojawapo ya santuri hizo ndiyo nakala pekee iliyosalia ya wimbo fulani.

Hayo si maneno ya kutia chumvi. Nyingi kati ya santuri za bendi za humu nchini katika miaka ya 1970 na 1980 zilichapwa kwa idadi ndogo, zikauzwa kwa msimu mmoja au miwili, kisha kampuni ikageukia nyimbo nyingine. Kanda asilia zilizotumiwa studioni, ambazo ndizo mama wa santuri zote, mara nyingi zilifutwa ili zirekodiwe kazi mpya, au zikatupwa kampuni zilipofungwa. Kaseti ziliposhika soko katika miaka ya 1980, na maharamia wa River Road wakaanza kuzirudufu bila kumlipa yeyote, biashara ya santuri ilikufa. Kilichobaki ni zile nakala zilizokwisha kununuliwa na wananchi.

Kwa muda sasa, nakala hizo zimekuwa zikitafutwa. Mnamo mwaka 1989 kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya ulioitwa The Nairobi Beat. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimepatikana tu kwenye santuri ndogo, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2016. Hapa nyumbani, shirika la Ketebul Music la Nairobi, linaloongozwa na Tabu Osusa, lilianza mwaka 2008 kutoa vitabu vilivyoambatanishwa na muziki na filamu kuhusu historia ya benga na mitindo mingine.

Ni vyema basi msomaji aelewe kazi hii inafanywaje, kwa kuwa wengi hudhani ni suala la kuchomeka waya kwenye tarakilishi na kubonyeza kitufe.

Miongoni mwa waliotangulia kuikuza sanaa hii ni wapenzi wa muziki wa jazi huko Marekani na Ulaya, na walilazimika kufanya hivyo. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa ilirekodiwa na Original Dixieland Jazz Band jijini New York tarehe 26 Februari 1917. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni wala umeme katika kurekodi. Wanamuziki walisimama mbele ya pembe kubwa ya chuma, na nguvu ya pumzi na nyuzi zao ndiyo iliyosukuma sindano iliyochora mfuo kwenye nta. Ngoma kubwa na besi hazikunaswa vizuri, na wakati mwingine ziliachwa nje ili sindano isiruke. Inasimuliwa kwamba bendi ya King Oliver ilipoingia studio ya Gennett mjini Richmond, jimbo la Indiana, mwezi Aprili 1923, kijana Louis Armstrong alisimamishwa mbali na wenzake kwa sababu tarumbeta yake ilikuwa ikiwafunika wote. Maikrofoni ziliingia studioni mwaka 1925.

Anayezisikiliza santuri hizo leo kwa mara ya kwanza husikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, na nyuma yake watu wanaocheza kana kwamba wamefungiwa chumba cha pili. Ndipo likazuka swali ambalo halijapata jibu moja hadi leo. Je, mlio huo uondolewe kiasi gani?

Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004 na ambaye yeye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni na saksafoni, alikuwa na jibu la fundi. Kabla ya programu za tarakilishi kuwapo, alikuwa akihamisha santuri kwenye utepe wa sumaku, akitafuta kwa sikio mahali penye kila mkwaruzo, kisha akikwangua kwa wembe unga wa sumaku mahali hapo tu. Mkwaruzo mmoja, mkwangulio mmoja. Wimbo wa dakika tatu ungeweza kuwa na mikwaruzo mamia. Alichotaka ni kuondoa kile ambacho wakati ulikiongeza na kutogusa kile ambacho wanamuziki walikiweka.

Upande wa pili alisimama Robert Parker wa Australia, ambaye katika miaka ya 1980 alitoa mfululizo wa nyimbo za jazi za zamani zikiwa zimesafishwa sana na kugawanywa zisikike kama zinatoka kwenye spika mbili, ilhali asili yake ni sauti ya njia moja. Wasikilizaji wengi wapya walifurahia. Waliozijua santuri zenyewe walilalamika kwamba sasa zinasikika kama zimepigwa ndani ya tangi la maji. Mimi nawaunga mkono waliolalamika, ingawa nakiri kwamba bila watu kama Parker vijana wengi wasingejisumbua kumsikiliza Oliver hata kidogo.

Msomaji atauliza jazi ya Marekani inahusiana vipi na Machakos. Kwanza kuna jina. Neno hilo lilifika Afrika Mashariki mapema na likawa na maana ya bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, hata kama kilichopigwa kilikuwa rumba. Ndiyo maana tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Victoria Jazz na Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Bendi za Ukambani zilipendelea kujiita Boys au Brothers, lakini zilikuwa tawi la mti huo huo. Pili, na hili ndilo kubwa, makosa yaliyofanywa kwa santuri za akina Oliver ndiyo yanayofanywa sasa kwa santuri za Kikamba, na huku kwetu hasara yake ni kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa Kakai Kilonzo. Alizaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, na bendi yake, Les Kilimambogo Brothers, ilibeba jina la mlima wa Kilimambogo ulio upande wa Machakos unaotazamana na Thika. Kakai aliimba kwa Kikamba, lakini aliimba pia kwa Kiswahili na hivyo akapata wasikilizaji nchi nzima, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata. Katika kizazi hicho walikuwapo pia Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, na kina dada wa Kalambya Sisters ambao wimbo wao Katelina ulitikisa nchi katika miaka ya 1980.

Anayeusikiliza muziki huo kwa makini atagundua kwamba siri yake imo kwenye gitaa la juu. Besi hutembea kwa ukakamavu na waimbaji huimba pamoja, lakini juu ya yote kuna gitaa linalopigwa kwenye nyuzi nyembamba, noti fupi fupi zinazozungukana bila kupumzika, kama maji yanayotiririka juu ya changarawe. Waimbaji wakinyamaza, gitaa hilo ndilo linalowainua watu vitini.

Na hapo ndipo penye hatari. Mvumo wa santuri iliyochakaa, ule mlio wa "shhh" usiokwisha, husikika zaidi katika sauti za juu. Gitaa la Kikamba nalo linakaa huko huko. Programu za kusafisha sauti hufanya kazi kwa kuchukua kipande ambapo hapana muziki, kwa mfano zile sekunde chache kabla ya wimbo kuanza, kuupima mvumo ulio hapo, kisha kuupunguza kila mahali katika wimbo. Fundi asiyejua muziki huo akiongeza kipimo kidogo tu kupita kiasi, mvumo unaondoka, na ncha za noti za gitaa zinaondoka nao. Kinachobaki ni wimbo safi usio na uhai. Ajabu ni kwamba mwenye kuukosea hatajua, kwa maana hakuwahi kuusikia ulivyokuwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumpa fundi mmoja santuri ya marehemu mjomba wake ili aihamishie kwenye CD. Ilirudi ikiwa kimya kama msikiti saa sita za usiku, pasipo mkwaruzo hata mmoja. Shangazi aliisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Sasa yule mpiga gitaa walimpeleka wapi?"

Kwa sababu hiyo, mafundi walio waangalifu hutumia sehemu kubwa ya muda wao kabla sauti haijafika kwenye tarakilishi. Kazi ya kwanza ni kutafuta nakala iliyo bora. Nakala tatu zilizochakaa si sawa, kwa kuwa kila moja imechakaa mahali pake, na yawezekana kuchukua mwanzo kutoka kwa hii na mwisho kutoka kwa ile. Kisha santuri huoshwa. Hapa lazima tahadhari itolewe. Santuri za 45 ni za plastiki ngumu na hazidhuriki kwa maji safi na sabuni kidogo isiyo kali, mradi karatasi ya katikati isilowe. Lakini santuri nzito za zamani, zile za mizunguko 78 zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, na spiriti huiyeyusha. Aliyezipangusa kwa spiriti amezimaliza.

Sindano nayo ina mambo yake. Mfuo wa santuri ya 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko wa 45 ya kawaida, hivyo sindano ya moja ikitumiwa kwa nyingine ama inaburura chini ya mfuo palipojaa vumbi, ama inapanda kingo zake. Fundi mjuzi huwa na sindano kadhaa zenye ncha za upana tofauti, naye hutafuta ile inayogusa sehemu ya ukuta wa mfuo ambayo sindano butu za nyumbani hazikuifikia. Mara nyingi huko ndiko sauti nzima ilikojificha kwa miaka 40. Hatua hii moja huondoa kelele nyingi kuliko programu yoyote.

Kasi pia si jambo la kudhani. Mashine za studio na za kiwandani hazikuwa sahihi wakati wote, na wimbo ukichezwa kwa kasi iliyozidi kidogo, mwanamume wa makamo husikika kama kijana. Wataalamu wana mbinu nzuri hapa. Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, na studio nyingi za zamani ziliacha mvumo hafifu wa umeme huo uingie kwenye rekodi. Kosa hilo la zamani sasa ni msaada, kwani fundi akiupima mvumo huo na kuukuta juu ya 50, anajua kwamba santuri inazunguka upesi kuliko bendi ilivyopiga.

Kuna tatizo jingine ambalo wasafishaji wa jazi ya awali hawakulijua sana, nalo ni la nyimbo za pande mbili. Upande mmoja wa santuri ya 45 hubeba dakika chache tu, na nyimbo za benga zilikuwa ndefu. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza uliandikwa Sehemu ya 1, na ukififia katikati ya muziki ilibidi uinuke, uigeuze santuri na kuendelea na Sehemu ya 2, ambayo mara nyingi ndiyo yenye moto wa magitaa. Leo, bila haja ya kugeuza chochote, je, fundi aziunganishe? Wengine huunganisha, na muziki ukapata mtiririko uliokuwa nao studioni. Wengine huacha pengo, wakisema kwamba hivyo ndivyo watu walivyousikia. Binafsi naona ziunganishwe pale tu panapokuwa na hakika kwamba bendi ilipiga mara moja bila kusimama. Mtu akiunganisha mapigo mawili tofauti ameunda wimbo ambao haukuwahi kupigwa.

Kuhusu kuhifadhi, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza nakala ya kidijitali iwe na ubora wa juu kuliko wa CD na ibaki bila kusafishwa hata kidogo, pamoja na mikwaruzo yake yote. Usafishaji hufanywa kwenye nakala nyingine. Sababu ni wazi: programu za miaka 20 ijayo zitakuwa bora kuliko za leo, na hazitaweza kurudisha kile ambacho sisi tumekifuta.

Hadi hapa tumezungumzia mashine. Lakini katika Ukambani mashine ndiyo sehemu nyepesi.

Tazama karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri. Utaona jina la bendi, jina la wimbo, labda jina moja la mtunzi, na nambari ya kampuni. Hutaona nani alipiga gitaa la solo, nani aliimba sauti ya pili, wala mwaka. Jina la wimbo lenyewe mara nyingi limeandikwa vibaya na karani asiyejua Kikamba. Wanaotoa upya jazi ya Marekani wana daftari za studio zinazoonyesha tarehe na majina. Kwetu daftari hilo ni vichwa vya wazee walio hai, na kila mwaka idadi yao inapungua. Mgeni wa London au Berlin anayetoa upya wimbo wa Kyanganga Boys hawezi kulisoma daftari hilo akiwa kwake. Mtu wa Machakos anaweza, kwa nauli ya matatu na jioni mbili za mazungumzo.

Majina hayo si pambo, maana fedha hufuata majina. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni iliyorekodi, hudumu miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka uliorekodiwa. Haki katika utunzi wenyewe, yaani mashairi na lahani, ni kitu kingine. Hiyo hudumu katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake.

Tufanye hesabu. Rekodi iliyofanywa mwaka 1974 ilimaliza muda wake mwishoni mwa 2024. Yeyote mwenye santuri hiyo sasa anaweza kuinakili na kuiuza nchini bila kuuliza kampuni. Lakini utunzi wa Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, unalindwa hadi mwisho wa 2037. Warithi wa mtunzi wanastahili mirabaha, iwe wimbo umetolewa upya Nairobi au ng'ambo, mradi haki hiyo haikuuzwa na ijulikane mtunzi ni nani. Wanamuziki wengi wa miaka ile walilipwa mara moja tu studioni na kutia saini karatasi ambazo hawakubaki na nakala yake. Familia nyingi hadi leo hazijui ni kitu gani kiliuzwa na kipi kilibaki.

Kila mwaka unaopita, santuri nyingine za miaka ya 1970 zinaingia katika hali hiyo ya kuwa huru upande wa rekodi na kufungwa upande wa utunzi. Marekani ilivuka kizingiti kama hicho tarehe 1 Januari 2022, siku ambayo rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923, zikiwemo zile za jazi za mwaka 1917, zilikuwa mali ya umma. Huko watunzi husika walikuwa wamekufa zamani. Hapa, baadhi ya wale waliopiga bado wanalima mashamba yao.

Si kwamba watoaji wa nje ni wezi wote. Wengine huja, hutafuta familia, hutia saini mikataba na kulipa. Kuna pia mfano mzuri wa kurudisha. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis, na sauti zao zikahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954. Kuanzia mwaka 2014, ILAM na Ketebul walizirudisha nakala hizo vijijini na kuwatafuta walioimba au watoto wao. Wakamba wangefaa kuulizana ni nani atafanya hivyo kwa santuri za benga, na kama ni lazima tungoje mgeni.

Kwa aliye na sanduku nyumbani, mambo machache yanaweza kufanywa wiki hii bila gharama. Santuri zisilaliane, zisimamishwe wima kama vitabu, mahali penye kivuli na mbali na paa la mabati. Zisichezwe kwa sindano kuukuu ya kinanda cha zamani, kwani kila mzunguko unakwangua kidogo cha sauti iliyobaki. Karatasi ya katikati ipigwe picha kwa simu, pande zote mbili, pamoja na nambari ndogo zilizochongwa kwenye plastiki karibu na karatasi hiyo, ambazo ndizo humsaidia mtafiti kujua santuri ipi ilitangulia nyingine. Na kama yuko mzee aliyewahi kucheza dansi katika kumbi za Machakos miaka hiyo, achezewe wimbo, hata ule wenye mikwaruzo ulio mtandaoni, kisha aulizwe ni nani anayepiga gitaa. Jina atakalolitaja liandikwe, na jina la kijiji chake pia.